Mwisho wa Gabbar Singh Uko Mpungani

Sisi watu wa Katumba tumeshamaliza mambo mazito kuliko hili. Wazee wetu waliikimbia Burundi mwaka 1972, wakapewa pori la miombo upande huu wa Mpanda, wakalifyeka, wakalima. La uraia nalo likaisha: mwaka 2014 vyeti vikaanza kutolewa, na mtu aliyeitwa mkimbizi kwa miaka arobaini na ushee akawa Mtanzania mwenye haki zote, pamoja na ile ya kulalamika barabara mbovu. Limebaki suala moja ambalo hakuna serikali iliyolithubutu. Je, Gabbar Singh aliuawa, au alichukuliwa na polisi?

Kwa waliozaliwa wakikuta muvi zinaishi ndani ya flashi, nieleze. Gabbar Singh ni jambazi wa kwenye Sholay, picha ya Kihindi ya mwaka 1975. Amjad Khan ndiye aliyemwigiza, na aliigiza vizuri mno hata watoto wetu watukutu waliitwa Gabbar kabla hawajaitwa majina ya ubatizo. Jambazi huyo alimkata mikono yote miwili ofisa wa zamani wa polisi, Thakur, na Thakur akawakodi wahuni wawili, Amitabh Bachchan na Dharmendra, wamletee Gabbar akiwa hai. Mpaka hapo tunakubaliana wote. Vita inaanzia dakika za mwisho.

Vita yenyewe inapiganwa kwenye grupu la WhatsApp la wapenzi wa picha za zamani. Humo yumo mwalimu mstaafu, ambaye kwa kuwa ni mwalimu amejiteua mwenyekiti. Yumo fundi sola, yumo dereva wa lori anayeshinda njia ya Tabora, yumo mzee wa kanisa, na yumo jamaa yetu aliyerejea Burundi mwaka 2009. Mwili ulikwenda Makamba, ubishi ukabaki Katumba.

Tunabishana mengi. Fundi sola alishikilia kwa muda mrefu kwamba lile pande la mtu kwenye Enter the Dragon ya mwaka 1973 ni baba yake na yule anayempiga Van Damme kwenye Bloodsport ya 1988. Ni mtu mmoja, Bolo Yeung, ila alikuwa anakula vizuri. Dereva naye aliapa kuwa Sholay imepigwa Mwanza, kwa sababu mawe yale anayajua, amewahi kupaki lori chini yake. Mwalimu akamjibu kwamba mawe yale yako Ramanagara, kusini mwa India. Dereva akauliza kama Mwalimu amewahi kufika huko. Hajawahi. Mjadala ukafungwa kwa muda.

Ubishi huu una asili yake, nayo ni shuka. Picha ya kwanza kuonwa na wengi wetu ilikuwa ile ya Yesu, ya mwaka 1979, iliyokuja na gari la injili, projekta, jenereta, na shuka jeupe lililofungwa kati ya miembe miwili. Aliyemwigiza Yesu ni Mwingereza, Brian Deacon, jambo ambalo bibi zetu wangeliambiwa wangelilia upya. Watu walikuwa wengi kuliko upande mmoja wa shuka, kwa hiyo wengine wakakaa nyuma. Ukikaa nyuma picha unaiona yote, isipokuwa kulia kunakuwa kushoto. Mpaka leo wapo wazee wanaoapa kuwa mitume walikula karamu ya mwisho kwa mkono wa kushoto, na wamewasamehe kwa shida sana. Kwenye grupu, mtu akishikilia jambo kinyumenyume anaambiwa, "Wewe ulikaa nyuma ya shuka."

Baada ya shuka kikaja kibanda cha video. Kuta za udongo, madirisha yamezibwa kwa magunia, mbele TV ya chogo juu ya meza, deki pembeni, nje jenereta linakohoa. Joto la mle ndani lingeweza kukausha tumbaku. Mwenye kibanda alikuwa anatia petroli ya saa mbili hivi, kwa kuwa picha za Commando na Rambo zilimzoesha kwamba adui wote wanaweza kuuawa ndani ya saa moja na nusu, ukiondoa First Blood ya kwanza ya mwaka 1982, ambamo anakufa mtu mmoja tu na watu walidai hela zao. Sholay ina dakika 204. Fanya hesabu. Petroli ilikuwa inaisha wakati Wahindi bado wanaimba. Hapo ulipitishwa mchango wa mafuta gizani, na kila mmoja akaanza kukohoa kama jenereta ili aonekane mgonjwa.

Kwa hiyo mwisho wa Sholay waliuona waliochanga, na waliochanga walikuwa wachache, na kati yao wengine walikuwa wamelala.

Halafu kulikuwa na mtafsiri. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Derek Mukandala, ambaye kazi hiyo aliigeuza fani, sauti yake ikarekodiwa juu ya mikanda na kuuzwa nchi nzima. Sisi tulikuwa na kijana mmoja mwenye kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kihindi hakujua hata neno, lakini Katumba aliijua nje ndani. Kwa tafsiri yake, Thakur alikatwa mikono kwa sababu alikataa kumdhamini Gabbar mkopo wa mbolea kwenye chama cha msingi. Tumeishi na maelezo hayo miaka mingi na, kusema kweli, yana mantiki kuliko ya Wahindi wenyewe. Siku petroli ilipoisha na mchango ukakataa, alimalizia picha kwa mdomo: Gabbar alitoroka kwa treni ya kwenda Kaliua, akabadilisha jina. Wapo wanaouamini mwisho huo pia.

Kwa ufupi, kambi zilikuwa mbili. Jamaa wa Makamba alisema Thakur alimuua Gabbar, tena akaeleza jinsi alivyosukumwa kwenye chuma na kikamwingia mgongoni. Mwalimu alisema polisi walifika, wakamwambia Thakur sheria ifuate mkondo wake, wakamchukua. Jamaa akamwambia Mwalimu alikaa nyuma ya shuka. Mwalimu akatoka kwenye grupu. Tukamrudisha. Wakawekeana jogoo.

Nani aamue? Fundi sola alipendekeza tuangalie kwenye simu. Mwalimu akakataa: bando lingekwisha kabla Hema Malini hajamaliza wimbo wake wa kwanza, na isitoshe ushahidi wa simu unaweza kuchezewa. Tuangalie CD, ile ya zamani, mbele ya mashahidi. Na mwenye CD Katumba nzima ni mimi.

Mkusanyiko wangu unakaa chini ya kitanda, kwenye katoni la maji ya chupa. Nina Bruce Lee, nina Drunken Master, nina Aki na Ukwa, nina za marehemu Kanumba kuanzia enzi za Dar 2 Lagos, nina za King Majuto ambazo nazitazama nikiwa peke yangu ili nicheke bila heshima. Kava na kilichomo ndani si lazima vikubaliane. Ukifungua Commando unaweza kukuta kwaya. Hiyo ni hali ya kawaida ya maktaba yoyote iliyopitia mikono ya shemeji. Mwalimu, kila akiniona na katoni hilo, hunikumbusha kwamba sinema si uhuni, maana Rashidi Kawawa alikuwa stelingi wa Muhogo Mchungu miaka ya 1950 kabla hajawa Waziri Mkuu. Sisi Katavi tumetoa Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, bila kupitia kwenye sinema kabisa. Bado tunamdai picha moja.

Jumapili baada ya ibada wakaja. Mwalimu na daftari, mzee wa kanisa kama shahidi, fundi sola na betri yake kwapani kwa kuwa hakuiamini yangu, dereva akiwa na maoni. Jamaa wa Makamba aliwekwa kwenye simu juu ya mto ili asikie. Nikavuta katoni.

Sasa, CD za video za wakati ule zilikuwa zinabeba saa moja na dakika chache tu. Sholay nzima inataka CD tatu. Ya kwanza ilikuwepo. Ya pili ilikuwepo, ina alama ya kikombe. Ya tatu, yenye Gabbar na polisi na hatima ya jogoo, haikuwepo.

"Mama watoto," nikaita, "kuna sahani hapa siioni."

"Zile zinazong'aa?" Akajibu kutoka jikoni, bila kuacha kukuna nazi. "Ziko mpungani, baba watoto. Kwelea wametumaliza."

Tukatoka wote kwenda bondeni, Mwalimu mbele na daftari lake. Kwa mbali shamba lilikuwa linametameta kama limevamiwa na magari ya harusi. Kamba zimepigwa kutoka kijiti hadi kijiti, na kila baada ya hatua chache imening'inia CD, upepo unaizungusha, inapiga mwanga, ndege wanapaa. Lazima niseme zilikuwa zinafanya kazi. Rambo alikuwa kona ya kushoto na hakukuwa na ndege hata mmoja eneo lake. Upande wa King Majuto walikuwa wanakula kwa amani.

Shida ikawa kijana wa kuamia ndege. Alitusalimia vizuri, shikamoo kwa kila mmoja, halafu akasema hakuna CD inayotoka bila ruhusa ya mama. Mwalimu akamweleza umuhimu wa historia ya sinema. Kijana akamweleza umuhimu wa mpunga. Mzee wa kanisa akasema, "Ego, ndiyo, mtoto ana hoja." Ikabidi apigiwe mama, na mama akatoa ruhusa ya CD moja, irudi kabla ya jua kuzama.

Tukaanza kuzisoma moja moja, shingo zimepinda. Jua lilikuwa limekula maandishi mengi. Dereva alipata iliyobaki herufi mbili tu akatangaza kuwa ni Sholay, ilikuwa mahubiri. Hatimaye fundi sola akaipata karibu na mfereji, ikiwa na utope, mikwaruzo, na saini ya ndege ambaye hakuogopa.

Nyumbani ikasuguliwa kwa dawa ya meno, kuanzia katikati kwenda nje, maana ukizungusha unaua. Mzee wa kanisa akaiombea kwa ufupi. Deki ikaimeza, ikanguruma, ikafikiri. Ikakubali.

Nisikufiche, ilikuwa raha. Tulimwona Jai, yule wa Amitabh, anakufa, na Mwalimu akafuta miwani ingawa haikuwa na vumbi. Hapo dereva akapata nafasi ya kusema kwamba Jai hakuwa stelingi, kwa kuwa stelingi hafi, na tukamnyamazisha. Tukamwona Dharmendra anamkamata Gabbar. Tukamwona Thakur anatokea, hana mikono, viatu vyake vina misumari chini, anaanza kazi kwa miguu. Simu juu ya mto ikawa inapiga kelele, "Tulieni! Tulieni sasa hivi anakufa!" Mwalimu akashika kalamu.

Thakur akainua mguu. Picha ikaganda.

Tukaitoa, tukaifuta kwa shati. Ikaganda palepale. Fundi akaibonyeza deki mgongoni, akaiinamisha, akabadilisha betri. Mguu juu. Gabbar chini. Polisi hawajafika, hawajakataa kufika. Makamba ikatangaza ushindi, kwa kuwa mguu ule haukuwa wa mtu anayesubiri polisi. Mwalimu naye akatangaza ushindi, kwa kuwa kisheria marehemu hawezi kuitwa marehemu kabla hajafa.

Usiku ule mpwa wangu anayesoma Dodoma alituandikia kwenye grupu, na alichoandika kilituharibia zaidi. Wote wawili walikuwa sahihi. Mwongozaji, Ramesh Sippy, aliipiga kwanza Thakur akimuua Gabbar. Lakini mwaka ule wa 1975 Indira Gandhi alikuwa ametangaza hali ya hatari, na wakaguzi wa filamu wakasema ofisa wa zamani wa polisi hawezi kuonyeshwa akijichukulia sheria mkononi. Ikabidi waigizaji warudishwe, wapige mwisho mwingine, polisi wafike. Wa polisi ndio uliokwenda kwenye sinema. Ule wa kwanza ukapenya kwenye mikanda ya video ikatembea dunia kimyakimya, na mwaka 2025, picha ilipotimiza miaka 50, ikasafishwa na kuonyeshwa Bologna, Italia, Gabbar akifa kama alivyotakiwa tangu awali. Mpwa akaweka na picha ya mtu anayepiga makofi.

Grupu likakaa kimya muda ambao si wa kawaida kwetu. Kisha Makamba ikatuma sauti: kama wote ni sahihi, jogoo agawanywe, nusu yake itumwe kwa simu, kwa bei ya Makamba, si ya Mpanda.

Mwalimu akaniuliza jogoo yuko wapi. Nikamuuliza mama watoto. Akasema yeye aliona wageni wamekuja Jumapili, na kuna jogoo amefungwa mguu mlangoni, akauliza kosa lake ni nini. Ndiye tuliyemla na wali mchana, wakati tunasubiri betri, tukamsifia nazi.

Mzee wa kanisa amejitolea kuwa msuluhishi kati ya Katumba na Makamba juu ya hiyo nusu. Anasema hana upande. Ndiye aliyekula firigisi.