Samahani, Stesheni Iko Wapi?

Kuna wazee pale Bisibo wanaoamini kwamba mimi nina siri ya reli. Nikirudi likizo husogeza kiti karibu, huuliza habari za masomo kwa adabu zote, kisha sauti hushuka: "Mjukuu wangu, hao wenzako wanasemaje? Bado wanapima?" Wenzangu ni Wajerumani. Maishani nimewafahamu wawili tu, tena kwa muda wa kuziba pancha.

Mzee wangu, kama wazazi wengi wa Kagera, aliamini kwamba elimu yenyewe hasa iko ng'ambo ya Mutukula. Nikapelekwa Uganda, kwenye sekondari ambayo lazima uchague lugha ya kigeni. Darasa la Kifaransa lilikuwa limejaa hadi dirishani. La Kijerumani lilikuwa na viti, nami ni mtu wa kupenda kukaa. Habari zilipofika nyumbani, babu alitafakari kidogo, akasema Kijerumani si kitu kipya kwetu: boma lao bado limesimama pale Biharamulo mjini, na marehemu baba yake alikuwa akikijua vizuri kabisa. Alikijua kiasi gani? "Hamsa ishirini." Ndiyo hesabu ya viboko vya enzi ile, na kwa babu mtaala wote uliishia hapo.

Lugha yenyewe ilinidharau mapema. Ngeli tunazo na sisi, tena nyingi kuwazidi, lakini ngeli zetu zina ustaarabu: kiti huja na ki- yake mbele, kinajitambulisha mlangoni. Mjerumani anakwambia meza ni mwanamume, taa ni mwanamke, dirisha si huyu wala yule. Ukiuliza sababu, unaambiwa kariri. Halafu kitenzi. Mtu akishatamka tu weil (kwa sababu), kitenzi kinakimbilia mwisho wa sentensi, nawe unabaki kukingojea kama basi la Nyakanazi. Umeshasikia mjomba, jana, sokoni, mvua na mbuzi, lakini hujui bado kama mbuzi kanunuliwa, kauzwa au kampiga mtu pembe.

Ila kilichonitesa zaidi ni ile ü. Mwalimu alituelekeza tukunje midomo tayari kwa mluzi, kisha tuseme i bila kuilegeza. Likizo moja nikawa najificha nyuma ya migomba kufanya mazoezi: fünf, Tür, fünf, Tür. Bibi akaniita. Alinishika taya, akawasha tochi ya simu, akachungulia hadi kooni, akagonga meno ya nyuma kwa ukucha moja baada ya jingine. Jino bovu hakuliona. Jioni nikaletewa bakuli zima la mwarobaini, nami nikalinywa lote, maana huwezi kuanza kumweleza bibi habari za nukta mbili juu ya herufi.

Wale Wajerumani tuliwakuta Lusahunga, yanakolala malori ya Rwanda na Burundi. Nilikuwa na baba mdogo, tumepeleka maharage. Gari lao lilikuwa limetolewa gurudumu. Mume na mke wamekaa kwenye kivuli cha fundi, wanakunywa chai. Baba mdogo hakuniuliza. Alitangaza. "Huyu kijana wetu anasoma Kijerumani!" Watu wakaacha mizani. Hata mkaanga chipsi akapunguza moto.

Sasa, kitabu chetu cha kidato cha kwanza kiliandikwa kwa ajili ya mtu aliyepotea Berlin. Sentensi niliyokuwa nayo, kamili, kitenzi mahali pake, ilikuwa moja, nami nikaitoa kwa sauti ya kuridhisha: "Entschuldigung, wo ist der Bahnhof?" Samahani, stesheni ya treni iko wapi?

Mtu wa kwetu angecheka. Yule mzee wa Kijerumani hakucheka. Aliulizwa swali, basi likatafutiwa jibu. Alivaa miwani, akatoa ramani, akaitandaza juu ya boneti, akaanza kusafirisha kidole kutoka Lusahunga kushuka Kahama hadi Isaka. Akaongea sana. Mimi nilidaka "Isaka", nikadaka "Zug", yaani treni, nikawa nangojea kitenzi.

"Amesema nini?" akauliza baba mdogo.

"Mambo ya reli," nikasema. Na ni kweli, sikudanganya.

Mpaka maharage yanaisha, Mjerumani alikuwa amekuja na ramani kupima reli. Bisibo habari ilitutangulia, na ilipomfikia babu ikapata ushahidi. Wajerumani walifikisha reli ya kati Kigoma mwaka 1914, na mwaka huohuo wakaanza nyingine kutoka Tabora, ielekee kwenye kona ya mto Kagera, kule kwa jirani zetu wa Ngara. Vita vikaikatiza. "Kumbe wamerudi kumalizia," akasema babu, bila mshangao wowote, kama mtu aliyekuwa akiwatarajia wiki hiyo.

Baba mdogo akasitisha kuuza kiwanja. Jirani mmoja akapanda miche ya miembe shamba zima, imebanana hata kuku hapiti, maana fidia huhesabu miti. Mimi nilirudi shule nikiwa na heshima ambayo alama zangu za Kijerumani hazikuwahi kuniletea.

Miaka ikapita, miembe ikaanza kugombania jua. Kisha mwaka 2021 ukazinduliwa ujenzi wa reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, na baba akaona kwenye taarifa ya habari kwamba wakandarasi ni Wachina. Aliniangalia muda mrefu, kama mtu aliyenunua mbegu za msimu uliopita.

Mdogo wangu sasa anasoma Kichina. Ameshajua kuuliza choo kiko wapi, na baba mdogo anataka kumpeleka Isaka.