Kuomba Radhi kwa Kosa la Kuleta Umeme

Kwa Meneja,
Ofisi ya Umeme ya Wilaya.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kibosho, mteja wako wa miaka 28. Katika muda wote huo sijachezea mita, wala sijamvutia jirani umeme kwa waya wa kuungaunga. Naandika nikiwa na akili zangu timamu, bila kulazimishwa na mtu, kukiri kwamba Jumamosi moja ya mwezi Februari niliingiza umeme kwenye nyaya zako bila kibali.

Naomba usome tena: niliingiza. Ningekuwa nimeiba, tusingesumbuana. Mwizi wa umeme ana fomu yake, ana faini yake, na namba ya simu ya kumripoti imebandikwa mlangoni pa ofisi yako kwa herufi nyekundu. Mleta umeme hana hata kiti cha kusubiria.

Kisa kilianza na kiinua mgongo. Wenzangu niliostaafu nao walinunua bodaboda wakawakabidhi wapwa zao, na sasa hawana bodaboda wala wapwa. Mimi nikaweka paneli 8 za sola juu ya bati, kilowati 3 na ushee. Mke wangu alisema fedha ile ilitosha ng'ombe wawili wa maziwa. Hilo linajibiwa nyumbani, halihusu ofisi yako. Kinachokuhusu ni kwamba mchana nyumba yetu haina mlaji. Watoto wako Dar es Salaam, friji ni moja, na redio tangu enzi hizo inakula betri. Nikajisemea: kinachobaki kishuke chini kama maji ya mfongo. Kama wewe si wa huku, mfongo ni mfereji wetu wa asili unaoteremsha maji ya mlimani shamba kwa shamba. Zamu yako ikiisha unamfungulia wa chini yako, naye anamfungulia wa chini yake. Ugomvi wa mfongo upo, tena wa mapanga, lakini ni wa anayezuia maji. Sijasikia mzee aliyeitwa barazani kwa kosa la kuyaachia.

Nikaja ofisini. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu, sina la kumlaumu. "Shikamoo mwalimu, nikusaidie nini?" Nikamwambia nataka kuuza umeme. Akadhani naomba uwakala wa LUKU, ule wa kuuza uniti za kulipia kabla. Nilipomweleza vizuri akageuza kompyuta nione mwenyewe: kuunganishiwa umeme, kuhamisha nguzo, mita mbovu, kukatika kwa umeme, wizi, malalamiko. "Sasa mwalimu, nikuweke wapi?" Tukaitazama ile orodha pamoja kama watu wanaochagua jina la mtoto. Mwishowe akaniweka kwenye malalamiko. Nikamwambia silalamiki. Akasema mfumo hauendi mbele bila kuchagua. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba utaratibu wa wenye mapaa unakuja, na kwamba hata hivyo umeme tunao wa kumwaga: Bwawa la Nyerere peke yake ni megawati 2,115. Nikagawanya kichwani nikiteremka ngazi. Mimi na bati langu ni kama moja ya laki saba ya bwawa hilo. (Nilifundisha hesabu; tabia haifi.)

Sasa kosa lenyewe. Fundi alikuja kufunga inveta. Alitakiwa kuibana isitoe umeme nje ya nyumba mpaka wewe utakaporidhia. Akasahau, akala makande, akaondoka. Kesho yake saa sita mchana nilisimama mbele ya mita yangu ya LUKU, na nilichokiona nakieleza kama kilivyo. Kile kitaa chekundu cha mita kilikuwa kinapepesa mbiombio, na ndani hakuna kinachowaka. Wingu likashuka kutoka mlimani, likafunika jua: kitaa kikapoa. Wingu likapita: kitaa mbio tena. Nikavuta kigoda nikakaa pale nusu saa nzima, nikitazama jua na mita vinavyofuatana. Asubuhi nilikuwa na uniti 41. Saa kumi jioni zilibaki 30.

Nilidhani nimerogwa. Fundi akanieleza kwa simu, huku akicheka kuliko inavyomstahili mtu aliyesahau kazi: mita yangu haijui kwenda wala kurudi. Inahesabu umeme unaopita, basi, kama kondakta anayedai nauli kwa anayepanda na kwa anayeshuka. Kila nilipokupelekea umeme, mita ilinikata mimi. Uniti 11, kwa shilingi 356 kila moja pamoja na kodi na tozo zake, ni shilingi 3,916. Sadaka ya Jumapili nilikuwa nimeshaitoa Jumamosi.

Haikuishia hapo. Umeme ukipata mlaji karibu hauhangaiki kwenda mbali. Chini ya uzio wangu kuna jirani anayechomelea mageti, na siku hiyo alikuwa na geti la kanisa, haraka. Cheche zilizokuwa zinaruka kwake zilikuwa jua la bati langu. Naye ana LUKU, naye alikatwa. Kwa hiyo, Ndugu Meneja, uniti ileile mmenitoza mimi kwa kuileta, mkamtoza yeye kwa kuitumia, na kati yetu ni hatua arobaini na uzio wa masale. Hata walanguzi wa kahawa, pamoja na yote tunayowasema, huwa wanamwachia mkulima chochote.

Usidhani naandika kwa kutojua. Nchi hii ilifungua mlango zamani. Tangu 2008, mwaka ilipotungwa Sheria ya Umeme, kumekuwa na utaratibu wa wazalishaji wadogo: mwenye kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10 za kuuza anapewa mkataba wenye maneno yaleyale kwa wote, na bei anaijua kabla hajachimba msingi. Mwenga kule Mufindi, megawati 4 za maji, wameingia kwenye gridi tangu 2012. Lakini ninaowavulia kofia ni masista Wabenediktini wa Chipole. Mwaka 2015 walikamilisha mtambo wa Tulila kwenye mto Ruvuma, megawati 5, wakati Songea ilikuwa bado inaunguza dizeli kwa sababu gridi ya Taifa ilikuwa haijafika. Masista, Ndugu Meneja, kwa rozari na turbini. Kwa hiyo mlango upo. Ila umepimwa kwa upana wa megawati, na sisi wa paneli 8 tunapitia dirishani, kwa yule kijana.

Kuna jambo moja naweka kejeli kando. Fundi wenu akipanda nguzo baada ya kukata laini, anaamini waya umekufa. Mtu wa bati akiendelea kuusukumia umeme kutoka chini, mtoto wa watu anafia juu ya nguzo. Ndiyo maana inveta halali hujizima yenyewe gridi inapokatika, na ndiyo maana mna haki ya kukagua kila moja kabla haijawashwa. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Njooni mkague. Chai iko kwenye chupa tangu Februari.

(Matokeo ya usalama huo, kwa taarifa yako, ni kwamba mkikata umeme saa saba mchana, jua likiwa utosini, na mimi nakosa umeme pamoja na paneli zangu 8. Mke wangu hutoka nje akazitazama, kisha akanitazama mimi. Ng'ombe, anasema, hazimiki.)

Na kuhusu umeme wa kumwaga. Machi 2025 Rais Samia, akiwa hukuhuku Kilimanjaro, alieleza kwamba kanda yetu ya kaskazini itanunua umeme kutoka Ethiopia, kwa kuwa ule unaotoka kusini unapotea mwingi njiani kabla ya kutufikia. Mimi sina ugomvi na Waethiopia. Ni wakulima wa kahawa wenzetu. Hoja ya umbali pia ni ya kweli: waya mrefu unakula umeme kama barabara mbaya inavyokula matairi. Ila niruhusu mshangao mdogo. Umeme wa Ethiopia unakatiza Kenya nzima, unapita Namanga, unavuka mipaka miwili na kupokewa kwa mkataba. Wangu ulivuka uzio mmoja, haukupotea hata njiani maana njia yenyewe haikuwepo, na nikatozwa.

Sasa maombi. Nipe mita inayojua kwenda na kurudi. Sitaki hundi, na sitaki bei ya masista. Nipunguziwe tu jioni kile nilichotoa mchana, tena kata chako kwanza, maana nguzo ni zenu na hazikuota zenyewe. Na kwenye ile kompyuta, pale chini ya "wizi", mwambieni mtaalamu wenu aongeze mstari mmoja. Auite atakavyo. Julai ukungu wa mlimani ukishuka hata sitakuwa na cha kuleta, kwa hiyo mstari wenyewe unaweza kwenda likizo na watumishi wenu.

Inveta imeshabanwa. Kile kinachobaki mchana nakimwaga kwenye hewa, kihalali kabisa, na kitaa cha mita kimetulia kama mtu aliyeshiba.

Kwa mila za kwetu, mkosaji anayeomba radhi hutuma jani la isale, na anayeletewa hapaswi kulikataa. Nimeambatanisha moja, bichi, limekatwa kwenye uzio uleule. Kijana wa dirishani akiuliza aliandikishe wapi, mwambie kwenye malalamiko.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Kibosho

Nakala: Jirani wa mageti (anadaiwa asante).
Mke wangu (kwa taarifa, suala la ng'ombe linashughulikiwa).