Jinsi ya Kumpiga Chenga Mdhibiti wa Magazeti

Ndugu mhariri, funga mlango tuongee. Umeletewa mdhibiti. Ana kalamu nyekundu, amepewa kiti ndani ya chumba chako cha habari, na hakuna ukurasa unaokwenda mtamboni kabla hajaupitia. Usikate tamaa. Wabrazili waliishi na watu wa aina hii chini ya utawala wa kijeshi, 1964 hadi 1985, wakatuachia mbinu ambazo hazijachakaa. Nakufundisha kwa moyo mmoja, kwa sababu msomaji anayefichwa habari anaibiwa, na mwizi hastahili adabu yetu.

1. Andika mahali asipotazama. Mdhibiti husoma siasa. Nani anajisumbua na hali ya hewa? Tarehe 13 Desemba 1968 majenerali walitangaza Sheria ya Kitaasisi Namba 5, iliyowapa nguvu ya kulifunga Bunge. Kesho yake, kwenye kona ya ukurasa wa mbele, Jornal do Brasil la Rio de Janeiro likatoa utabiri wake: hali nyeusi, joto la kukaba roho, hewa haivutiki, pepo kali zinaikumba nchi. Kona ya pili likawakumbusha wasomaji kwamba jana ilikuwa Siku ya Vipofu.

2. Tii amri kupita kiasi. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo isome taratibu. Rais Salvador Allende alipokufa katika mapinduzi ya Chile, Septemba 1973, magazeti ya Brazil yaliamriwa yasimpe kichwa cha habari ukurasa wa mbele. Alberto Dines, mhariri wa Jornal do Brasil, akatii. Hakuweka kichwa cha habari. Hakuweka hata picha. Alijaza ukurasa wote, juu mpaka chini, maandishi matupu ya herufi kubwa kuhusu Allende na Chile. Gazeti lisilo na kichwa cha habari linaonekana toka ng'ambo ya barabara! Mtoa amri hupenda mno kutiiwa. Basi mpe utii hadi wapita njia wasimame kuutazama. Ila weka akiba nyumbani: kabla mwaka haujaisha, Dines alikuwa hana kazi.

3. Usiache pengo tupu, maana utakatazwa. Wadhibiti wa Brazil walijua kwamba nafasi nyeupe inasema. Kwa hiyo O Estado de S. Paulo likawa linapanga beti za Camões, mshairi Mreno wa karne ya 16, mahali palipokatwa habari, na gazeti dada, Jornal da Tarde, likapanga mapishi. Mtu akifungua kurasa za siasa akakuta namna ya kuoka keki, anajua hapo kuna kitu kimechinjwa.

4. Mjue mdhibiti wako anapenda nini. Waandishi wa O Pasquim, gazeti la vichekesho lililoanzishwa 1969, wamesimulia kwamba mdhibiti wao wa mwanzo alikuwa mama aliyependa whisky. Hawakumnyima. Glasi zikijaa, kalamu nyekundu ilipungua kasi, mpaka wakubwa wakamwondoa. Novemba 1970 karibu chumba kizima cha habari kilitupwa jela. Waliobaki nje waliendelea kutoa gazeti, wakawaeleza wasomaji kwamba wenzao wameshikwa na mafua.

Kuna mahali chenga haifiki, na sitakudanganya. Tarehe 25 Oktoba 1975, Vladimir Herzog, mkuu wa habari wa kituo cha televisheni cha TV Cultura, alikwenda mwenyewe kwenye kituo cha jeshi São Paulo alikoitwa kuhojiwa. Hakutoka hai. Jeshi likasema amejinyonga, likatoa picha: mtu ananing'inia dirishani huku miguu yake imekunjika sakafuni. Rabi Henry Sobel alikataa azikwe kama mtu aliyejiua. Cheti cha kifo kilisahihishwa 2013. Kwa hiyo kila unapomzidi akili mdhibiti, jua unayecheza naye ni nani, na usimtume kijana wa mafunzo akacheze badala yako.

Sasa tuseme majenerali wameondoka na kura zinapigwa. Hapa ndipo wengi hulala, kwa sababu kile kiti cha mdhibiti kimebaki kitupu. Lakini mkasi umebaki, na hauachi pengo wala keki ya kukushtua. Desemba 1989, siku chache kabla ya duru ya pili ya uchaguzi wa rais wa Brazil, kituo cha TV Globo kilifupisha mdahalo wa wagombea Fernando Collor na Lula kwa ajili ya taarifa ya habari. Katika ufupisho huo Collor alipata muda mrefu zaidi, na sehemu zake nzuri. Familia ya Collor ilimiliki kituo kilichorusha matangazo ya Globo jimboni Alagoas. Collor akashinda.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, zamu yako. Shika saa: nani amepewa dakika ngapi, na nani amepewa neno la mwisho? Ulizia kituo ni cha nani na matangazo yake yanalipiwa na nani. Nunua magazeti mawili yanayochukiana, uanze na lile usilolipenda. Lile unalolipenda linajua namna ya kukubembeleza. Halafu lalamika, kwa barua, ukitaja dakika na sekunde. Wanahabari wanaona haya kuliko wanavyoonyesha: baada ya lawama za 1989, Globo ilijiwekea kanuni ya kutofupisha tena midahalo ya wagombea.