Gari Kama Lilivyotoka Kiwandani
Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa kampuni yangu ya bima, Goma

Bwana Mkurugenzi,

Nina heshima kubwa kuja mbele ya wema wako, nikishukuru kwa jibu lenu kuhusu gari langu, RAV4, lililoibwa mtaani Himbi. Nimeelewa sasa kwamba mnalipa gari "kama lilivyotoka kiwandani", ukiondoa uchakavu, na kwamba springi ndefu, chuma cha mbele, galeri ya mizigo ya juu, betri ya pili na redio ni "mapambo ya mteja".

Mapambo! Tangu volkano ya Nyiragongo imwage moto mjini Januari 2002, wengi wetu tunaendesha juu ya mawe yake. Gari lile lilitengenezwa kwa ajili ya lami ya Japani. Bila springi hizo lingepasuka tumbo kabla ya kufika Ndosho.

Kama lingeporwa Januari 2025, siku mji ulipobadilisha watawala, mngeniambia vita haimo katika mkataba, nami ningenyamaza. Lakini hawa walikuwa wezi wa kawaida, wa usiku, na PV, yaani taarifa ya polisi, mnayo.

Basi ninaleta ombi moja dogo: wafundisheni wezi mkataba wenu. Andaeni semina ya siku tatu kando ya ziwa, yenye chai, sambusa na nauli ya kurudi, maana Goma hakuna semina bila nauli. Siku ya kwanza, wajifunze kutofautisha sehemu za kiwanda na za mteja. Siku ya pili iwe ya vitendo: kufungua springi gizani bila kumwamsha mlinzi. Siku ya tatu iwe ya karatasi. Mwizi aliyefuzu atafika getini na sanduku lake la spana, atang'oa mapambo, atayapanga ukutani kuanzia kubwa hadi dogo, kisha atasaini hati ya makabidhiano katika nakala tatu: ya mwenye gari, ya polisi na ya ofisi yenu. Baada ya hapo ataondoka na gari safi la kiwandani, ambalo mtalilipa bila kusita. Akisahau kuacha redio, airudishe kesho yake saa za kazi, akiwa na kitambulisho. Na vyeti vya semina tafadhali vipigwe muhuri. Bila muhuri, mteja atajuaje kwamba ameibiwa na mtu mwenye sifa?

Semina ikiwashinda, nijengeeni barabara ya kiwandani kutoka Ndosho mpaka nyumbani. Au ulizeni kiwanda kama kinaweza kulipa.

Lakini wakala wenu alipokuja kukadiria thamani, kabla sijalipa bima, alilizunguka gari lote. Aligonga chuma cha mbele, akafungua boneti, akaziona betri zote mbili, akapiga picha, akapandisha bei. Nililipa kwa bei hiyo. Siku ya kupokea, springi zilikuwa gari. Siku ya kutoa, zimekuwa mapambo. Huo si ufafanuzi wa mkataba, Bwana Mkurugenzi, huo ni wizi wa pili, na wezi wa kwanza angalau hawakuniandikia barua.

Samahani, kalamu imeteleza. Najua mna kazi nyingi. Bima ya kuwalipa watu tunaowagonga ni ya lazima tangu 1973, na polisi wa barabarani hawatuachi tuisahau. Ya wizi tuliongeza wenyewe, kwa imani. Sheria ya Machi 2015 ilipovunja ukiritimba wa bima, tulishangilia kwamba sasa tutachagua. Kampuni zimekuwa nyingi. Jibu limebaki lile lile.

Nakala ya barua hii itakwenda ARCA, wasimamizi wa bima, Kinshasa, pamoja na picha za wakala wenu mwenyewe. Pokea heshima zangu, kama zilivyotoka kiwandani.

Nanyi wenye magari wa Goma: kabla ya kulipa, daini kila kitu mlichoongeza kiandikwe katika mkataba, kwa jina na kwa bei. Wakala akisema "hiyo imo", mwambieni aonyeshe mstari. Asipouonyesha, msilipe.