Muulize Mzee Rafu: Vitabu Vimetufukuza Sebuleni

Wiki hii barua zote zimekuja na kilio kimoja. Sijui ni mvua iliyowafungia watu ndani au ni shule zilizofungwa, ila Bura nzima inapanga makabati.

*Mzee Rafu, shikamoo. Mume wangu alistaafu ualimu akaja na katoni za vitabu. Ziko sebuleni, chini ya kitanda, hata kwenye ghala la mahindi. Sasa amegundua mfumo wa Dewey na anabandika namba kila kitu. Jana kabandika Biblia yangu. – Mke wa Mwalimu, Bura Misheni*

Marahaba, mama. Mwambie mwalimu kwamba Melvil Dewey alikuwa Mmarekani, na alipoutoa mfumo wake mwaka 1876 sebule yako hakuijua. Aliigawa elimu yote ya binadamu mafungu kumi. Dini akaipa 200, na humo Ukristo ukatandaza miguu, dini nyingine zote za dunia zikabanana kwenye 290. Hapo Misheni, ambako Wakatoliki wapo tangu 1892, huenda hilo lisimkere mtu. Balaa liko kwenye riwaya. Fasihi yote ya Kiswahili huangukia 896.392: Shaaban Robert, Katama Mkangi, Ken Walibora, wote chumba kimoja. Mwalimu atabandika namba ile ile hadi gundi imwishie, na *Siku Njema* ya Walibora bado hamtaiona.

Wazee wetu wa Taita walihifadhi mafuvu ya wahenga mapangoni, ukoo kwa ukoo, na sijasikia aliyehitaji namba ili amjue babu yake. Nanyi pangeni kwa watu wa nyumba. Rafu ya chini wapewe wajukuu, maana wataifikia mkitaka msitake. Ya usawa wa macho iwe ya mwalimu. Biblia, kamusi na kitabu cha nyimbo vikae karibu na kiti mnachokalia, hata kama havifanani. Juu kabisa weka vile ambavyo mwalimu anaapa atavisoma.

Kisha kuna vitabu vya kiada, na hapo mama ujikaze. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, KCPE ya mwisho ikafanywa 2023, na watoto wale wamepangiwa KCSE mwaka 2027. Katoni za darasa la nane hazina tena mtahiniwa. Za sekondari ziwahi kwa majirani kabla ya huo mwaka, kwa sababu baadaye hata wa kufungia njugu atachagua. Mwachie mwalimu kimoja alichofundishia miaka yote, chenye maandishi yake pembeni. Hicho usikiguse. Namba ya Biblia ibandue leo leo.

*Mzee, nimeona kwenye simu watu wakipanga vitabu kwa rangi. Mchumba wangu anataka alfabeti. Nani ana haki? – Kijana wa Bedsita, Voi*

Rangi isiwagombanishe. Acha dirisha wazi mwezi mmoja, vumbi la Voi litavifanya vyote vyekundu.

Ila mchumba naye asishangilie mapema. Maktaba hupanga kwa jina la mwisho, na kwa Mzungu hilo ni jina la ukoo. Sasa chukua Wazanzibari. *Kiu* ya 1972 ni ya Mohamed Suleiman Mohamed. *Utengano* ya 1980 ni ya Said Ahmed Mohamed. Aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960 ni Muhammed Said Abdulla. Jina la mwisho kule mara nyingi ni la babu, kwa hiyo unamtafuta mwandishi unakutana na wazee wake. Ngũgĩ wa Thiong'o ndiye kabisa: *Weep Not, Child* ya 1964 ilitoka kwa jina la James Ngugi. Basi J, N, W au T? Na siku jamaa zako wakianza kuchapisha, kina Mwadime, Mwakio, Mwamburi na Mwachofi, herufi M itakuvunjia rafu.

Panga kwa jina mnalomwita mwandishi mkizungumza. Shaaban ni S, Ngũgĩ ni N. Mkutubi akiwacheka, mkaribisheni chai.

*Mchwa wamekula rafu ya chini, wakaacha majalada tu. – Mwenye Hasira, Mwatate*

Pole. Walikuachia majina upate kujua ulichopoteza. Mchwa hupanda kutoka ardhini kwa vichuguu vya udongo, basi usimpe ukuta wa kupandia: vuta kabati shubiri moja, kila mguu uutie kwenye kopo lenye oili chafu, na ukague nyuma kila Jumamosi. Majani ya mwarobaini ukipenda, lakini usiyategemee peke yake.

*Baba mkwe aliazima Kamusi ya Kiswahili Sanifu na hairudishi. Nimdai vipi? – Mkwe Mnyonge, Bura Stesheni*

Humdai. Kule Hereford, Uingereza, kanisa kuu lina maktaba ambayo vitabu vyake bado vimefungwa minyororo rafuni, dawa waliyoibuni watu waliochoka na waazimaji. Wewe huna mnyororo, una mtoto. Mtume kwa babu yake jioni, aseme mwalimu ametaka kamusi kesho asubuhi. Ikirudi, ninginiza daftari na kalamu mlangoni: jina, kitabu, tarehe. Baba mkwe awe wa kwanza kuandikishwa, tena kwa heshima zote, kwenye ukurasa wake mwenyewe.

*Mzee, joto la huku skimu linakunja majalada. Nifanyeje? – Msomaji, Bura*

Mwanangu, skimu imekuumbua. Wewe ni wa Bura ya Tana River, kwenye skimu ya umwagiliaji, si Bura yetu ya Taita; barua yako imepotea njia. Simamisha vitabu vikibanana kidogo, mbali na dirisha la magharibi. Zaidi ya hapo waulize majirani zenu wa Garissa, wanaopelekewa vitabu na ngamia tangu 1996. Sisi huku tuna ndovu wa Tsavo, na bado hatujapata hata mmoja anayekubali kubeba.