Bango la Harusi, Tunduma

Kijana wa stesheneri, hatua chache kutoka foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, ana Photoshop nzima kwenye kompyuta yake. Kushoto vifaa vimepangwa kama meza ya fundi saa. Kulia zipo leya, zilizoingizwa humo mwaka 1994 ili kila kitu kikae peke yake, kihamishwe bila kumgusa mwenziwe. Yeye hubandika vyote kwenye leya moja: bwana harusi, bibi harusi, maua ya plastiki na ghorofa la Dubai ambalo hakuna aliyelipanda.

Nikamwambia jina la bibi harusi limekosewa. Akanitazama kwa huruma. “Mzee, hapo ishaganda.”

Ishaganda! Hata mkoa wetu huu wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na jina la Mbeya likabaki salama.

Kifaa anachokimudu ni kimoja: kuvuta pembe ya picha. Toleo lake ni la zamani, lataka ushikilie Shift; yeye haishikilii. Anavuta tu, mpaka shangazi anapata upana wa semitrela.

Bango likatundikwa hivyohivyo. Shangazi kalipenda, anasema siku hizi amenawiri.