Mathenge na Mpopla wa Tana: Tasnifu Fupi

Wataalamu huainisha mimea kwa maua yake. Sisi wa Garissa tunapendekeza vigezo viwili visivyobishaniwa: mbuzi na kitambulisho.

Spishi ya kwanza ni mathenge, Prosopis juliflora, ambao tangu 2022 wanasayansi wanauita Neltuma juliflora, kama mdaiwa aliyebadili jina akahamia mtaa wa pili. Ni mgeni kutoka Amerika. Ulipandwa Bura miaka ya 1980 ili kutoa kuni na kuzuia mchanga, na haukuulizwa babu yake alizaliwa wapi, swali ambalo Msomali wa Garissa amelijibu miaka nenda miaka rudi kila alipotafuta kitambulisho. Maua yake ni ya manjano, na nyuki wanayapenda. Maganda yake ni matamu: mbuzi huyala, mbegu hupita tumboni salama, kisha huangushwa mbali ikiwa na mbolea yake. Nauli analipa mfugaji. Utamu huohuo huozesha meno, hata wafugaji wa Baringo walipoishtaki serikali walimpeleka mahakamani mbuzi kibogoyo awe kielelezo. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu haribifu. Haukusoma tangazo hilo.

Spishi ya pili ni mpopla wa Tana, Populus ilicifolia. Huyu ndiye mwenyeji. Jamaa zake wengi wako Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini kwenye baridi. Yeye alichagua kingo za mito ya Kenya na Tanzania, karibu na ikweta. Mti dume na mti jike husimama mbalimbali, na mshenga wao ni upepo. Mbegu ni ndogo mno, imefungwa kwa pamba, na haina subira: inataka mchanga mtupu, mbichi, uliotoka tu kuachwa na mafuriko. Tangu bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, mafuriko ya mto Tana yanatawaliwa na mabwawa ya juu. Mche ukibahatika kuota, mbuzi huutafuna bila heshima.

Orodha Nyekundu ya IUCN inauweka mpopla miongoni mwa spishi zilizo hatarini. Kwa kigezo cha mbuzi hali ni mbaya zaidi: mmoja huliwa ukasambaa, mwingine huliwa ukaisha.

Basi wewe unayechoma makaa kandokando ya mto, kata mathenge, uache mpopla. Na kisiki cha mathenge king'oe, ukikiacha, kitachipuka.